Wipa Zilizobaki Kushoto

Bwana apewe sifa, wapendwa! Ejoka, hamjambo! Jamani, mbona mnaitikia kama watu ambao hawajakunywa chai? Bwana apewe sifa!

Mimi ni mke wa yule mzee anayepitisha kikapu cha sadaka hapa Lodwar. Nyinyi vijana mnamjua kwa kikapu. Sisi wa zamani tunamjua kama fundi wa kuhamisha usukani. Enzi zile ndege za misaada zikitua Lokichoggio mchana kutwa, magari yaliyovuka kutoka Sudan yalikuwa na usukani upande wa kushoto, na hapa kwetu dereva hukaa kulia. Aliyetaka kutumia gari lake Kenya alimtafuta mume wangu, Baba Akai. Ua wetu ulijaa dashibodi na nyaya, na nguo zangu zote zilinuka grisi. Nilikuwa nanung'unika kila siku! Ndugu zangu, leo ua umenyamaza, na ile harufu naitamani sana.

Basi alikuwepo Mzee Majok, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyekuwa na duka Kakuma. Alikuwa na gari la Kimarekani, refu, jekundu lililopauka, la injini kubwa. Likiwashwa, watoto wa kambi nzima wanakuja mbio. Marehemu baba yake ndiye aliyemwachia. Hakutaka kuliuza hata kidogo. Alitaka usukani uwe kulia ili aliendeshe bila kusumbuliwa barabarani. Mume wangu akaenda Kakuma akalifanya. Usukani akahamisha, breki, klachi, kila kitu. Lakini wipa akaziacha vile vile, za dereva wa kushoto! Zilifagia vizuri kioo cha abiria, na mbele ya dereva pembe nzima ikabaki haifikiwi. Wala hakuwa peke yake, mafundi wetu wote walifanya hivyo.

Nilikuwa nimeenda Kakuma kumsalimia dada yangu, nikiwa na Akai mgongoni, bado ananyonya. Nikamuuliza, "Baba Akai, na hizi wipa?"

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama, wewe mvua umeiona wapi?"

Haya! Tukaondoka mchana kuja Lodwar kwa gari lile lile, ile barabara ya zamani kabla ya lami mpya. Mume wangu kwa usukani, Mzee Majok kushoto akikanyaga breki ambayo haipo tena, mimi nyuma na mtoto. Hatujafika mbali, mbingu zikafunguka. Mvua! Mvua yenye tope la vumbi! Mzee Majok anaona barabara yote, dereva haoni kitu. Kila baada ya mwendo kidogo Baba Akai anasimamisha gari, anashuka, anafuta kioo kwa shuka yake. Na Mzee Majok, kwa vile lile gari lilikunywa petroli vibaya mno, analia kwa Kiswahili chake cha Kiarabu kila tukisimama: "Ya fundi, zima! Zima injini!"

Nikakasirika, jamani. Nimelowa, mtoto analia, nikamwambia mume wangu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mchungaji.

Tukakaribia laga, ule mto mkavu unaokatiza barabara. Tope likafunika kioo tena. Akasimama, akazima, akashuka. Na kwa vile ile injini ilikuwa imenyamaza, akasikia. Akapiga kelele, "Shukeni! Rudini nyuma!" Nikatoka na Akai kifuani, nikakimbia bila viatu. Ndugu zangu, maji yalikuja yakiwa yamesimama kama ukuta! Yamebeba miti mizima, yamebeba mbuzi wa watu. Yakapita pale pale ambapo tungekuwa katikati. Kama kile kioo kingekuwa safi tungeingia, na kwa ngurumo ya ile injini tusingesikia chochote. Mimi, mume wangu, Mzee Majok, na mtoto wangu ambaye hata kutembea hajaanza. Ee Mungu wangu!

Tulikaa pale mpaka maji yakapungua. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Mzee Majok akaimba wimbo wa Kidinka aliofundishwa na baba yake, sisi hatujui maneno, tukapiga makofi tu huku machozi yanatoka. Sijawahi kuabudu vile tena, nawaambia ukweli. Baadaye alirudi kwao na gari lake, na mpaka leo nikisikia injini kubwa barabarani nachungulia nje, labda ni yeye.

Namshukuru Mungu aliyetuokoa kwa kazi ambayo haikumalizika. Wewe uliyekwama leo, unayesimama kila hatua na kugombana na watu wa nyumbani kwako, mwamini. Huenda anakuzuia kwa sababu anakupenda.

Na yule binti aliyetuongoza kwa nyimbo asubuhi hii, mwenye kitambaa cha bluu, ndiye Akai. Mwanangu, simama wakuone!