Mstari wa Chebet, Safari Hii Bila Kukatwa

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Eddah Adoyo atarudisha buti za mpira na funguo za pikipiki ya kiwanda chetu cha chai, baada ya miaka thelathini na mmoja akiwa afisa wetu wa nyanjani. Nimepewa ukurasa mmoja wa jarida nimuage. Yeye angeniambia ni mrefu mno.

Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai karibu na Kericho, kwa wazazi wachumaji waliotoka upande wa ziwa. Alipoajiriwa, kazi yake ilikuwa kufundisha wakulima kuchuma majani mawili na chipukizi. Haikumchukua muda kuona kwamba mtu aliyeinama shambani tangu alfajiri hataki hotuba. Akaandika mchezo.

Unaitwa Mstari wa Chebet. Binti anakosana na baba yake, anaondoka. Baba anaacha mstari mmoja wa chai bila kuchumwa, akisema huo ni wa Chebet akirudi. Mchezo mzima ni dakika themanini. Somo la kuchuma limo humo mahali fulani, ingawa likifika watu huwa tayari wanapangusa macho.

Sisi wafanyakazi wa kiwanda ndio waigizaji, na tumeuzungusha kote, na kila mahali Madam Eddah aliukata upya. Kwa mkutano mkuu wa wakulima alipewa dakika kumi, akaondoa harusi, majirani na ugomvi wote, akaanza baba akiwa tayari mzee. Sigor tulicheza siku ya soko juu ya lori, kando ya mnada wa ng'ombe. Hapo kila mnong'ono aliugeuza kelele. Londiani tulipewa ukumbi wa kanisa wenye dari ya chini, na Kipruto, fundi wetu wa mitambo anayecheza baba, ni mrefu kama nguzo ya stima. Madam alimpa bakora na miaka ishirini zaidi ili ainame tangu mwanzo. Watu wa Londiani walimsifu Kipruto kwa kuigiza uzee vizuri hivyo. Mpaka leo anasumbua kiwanda kizima kwa sifa hizo.

Mahali pamoja tu hajawahi kukata: kituo chetu cha Kaptilolwet. Hapo tunacheza wakulima wakisubiri lori la majani, na hakuna ajuaye litachelewa kiasi gani. Likipiga honi, watazamaji wote huinuka na magunia yao kwenda kwenye mizani, na mchezo umekwisha. Kwa miaka yote hiyo Kaptilolwet haijaona mwisho wake.

Mimi ndiye Chebet. Kwa kuajiriwa ni karani wa kupima majani, lakini kwa miaka kumi na mmoja nimesimama nyuma ya kibanda cha mizani nikiwa na sanduku mkononi, nikingojea kurudi nyumbani. Honi inalia, naweka sanduku chini, navaa koti la kiwanda, naenda kupima. Na kila mara Mzee Johana akifikisha gunia lake huniangalia na kusema, "Hata leo hukufika, msichana."

Siku moja nilimsihi Madam apunguze hata robo saa tu. Alikasirika. "Kwingine nakata. Hapa niliahidi mtu."

Mtu mwenyewe ni Mzee Johana. Mchezo ulitoka kwake. Binti yake Chepkorir aliondoka baada ya maneno makali na hajarudi. Alipomruhusu Madam kuandika habari hiyo alitoa sharti moja: "Andika tu. Lakini ukileta hapa kwetu, usikate kitu." Mstari wake upo bado. Chai yake imekuwa miti, imepita paa la nyumba.

Kwa hiyo sherehe ya Ijumaa haitakuwa ukumbini. Itakuwa Kaptilolwet, saa nane mchana. Majani yatachukuliwa asubuhi. Osoro, dereva wa lori, ameapa atakuja kwa miguu. Meneja ana dakika mbili za hotuba, na aliyemkatia ni Madam mwenyewe.

Madam Eddah, tutakukosa. Mimi nitakukosa kila nikisikia pikipiki ikipanda ule mlima, nikidhani ni wewe. Asante kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kupunguza maneno yake kila mahali na bado asipunguze ahadi. Nenda nyumbani upumzike, Mungu akupe siku ndefu, na asiwepo wa kuzikatiza.

Mzee Johana alinipitia jana kwenye mizani. Ameomba kiti cha mbele. Nilimwambia aje mapema na asiondoke, kwa sababu Ijumaa nitafika.

Nelvine Cheptoo, karani wa mizani