Lowell Kubicek, Mkaguzi Asiyeamini Jina la Bastola

Kosa linalofanywa na wengi katika mchezo wetu wa kulenga shabaha kwa bastola ni kusoma jina lililochongwa kwenye mtutu na kudhani wameshasoma ukubwa wa bastola. Jina huwekwa na wauzaji. Ukubwa hujulikana kwa kupima. Bwana Lowell Kubicek ametumia miaka thelathini na mmoja kutuambia hivyo, mara nyingi kwa ukali, na Jumamosi hii, tarehe 28 Septemba 2024, anakabidhi funguo za karakana na kustaafu kazi ya ufundi na ukaguzi katika Uwanja wa Shabaha wa Cedar Draw, hapa Nebraska magharibi.

Alikuja kwetu Aprili 1993 akitokea kwenye karakana ya matrekta. Alitazama meza, vifaa na barua yake ya ajira, kisha akaomba kuona leseni ya uwanja kabla ya kutia sahihi. Tangu hapo hakubadilika. Wanachama wapya wanajua kwamba kila mpigaji wa mchezo huu wa kuigiza wachunga ng'ombe wa zamani hujichagulia jina la bandia: tunaye Bibi Tufani, tunaye Daktari Kijiko, tunaye mhasibu mmoja mpole sana anayeitwa Muuaji wa Mto Platte. Lowell alipopewa fomu, kwenye nafasi ya jina la bandia aliandika Lowell Kubicek. Katibu akairudisha mara tatu. Mwishowe wanachama wakambatiza Nionyeshe, kwa sababu ndilo neno analolisema kabla ya salamu.

Shaka yake haikuwa tabia tu. Mwaka wake wa kwanza mteja alimletea bastola akamtajia jina la modeli. Lowell akaagiza kipuri kwa jina hilo. Kilipokataa kuingia, akachukua tupa, akakwangua chuma cha fremu, akaiharibu bastola ambayo mteja aliachiwa na babu yake. Alimwendea mwenye mali nyumbani akamweleza uso kwa uso. Aliporudi, alichukua shaba, akaichonga pete yenye tundu la milimita arobaini na tatu, akaining'iniza kwa waya juu ya meza ya kujazia risasi. Kuanzia siku hiyo kila silinda iliyofika mezani ilijaribiwa kwenye pete ile, ya mwenyekiti na ya mgeni sawasawa.

Hapa niruhusiwe kufafanua kidogo, maana nusu ya malalamiko dhidi ya Lowell yalitoka kwa watu ambao hawakuwahi kufafanuliwa.

Bastola zetu ni zile za kuvuta nyundo kwa dole gumba kabla ya kila mlio. Fremu ni ule mwili wa chuma unaoishika silinda, nayo silinda ndiyo yenye matundu ya risasi. Fremu ikiwa kubwa, silinda yake inakuwa nene na ukuta wa kila tundu unakuwa na nyama ya kutosha kuhimili msukumo mkubwa. Fremu ikiwa ndogo, ukuta unakuwa mwembamba. Risasi ya kaliba ya arobaini na tano huingia kote kuwili bila kulalamika. Ndipo hatari ilipo.

Bastola inayopendwa zaidi hapa uwanjani ni Mswagaji. Kiwanda chake sikitaji. Lowell angenidai ushahidi wa maandishi. Mswagaji ya kwanza ilitoka mwaka 1990 ikiwa na fremu kubwa. Wapigaji wakalalamika kwamba ni nzito na nene mkononi, haifanani na za wachunga ng'ombe wa zamani. Mwaka 2004 kiwanda kikaipunguza fremu. Urefu wa mtutu haukuguswa, umbo la mpini halikuguswa, na jina, kwa kuwa lilikuwa likiuza vizuri, halikuguswa pia. Halafu zikaja Mswagaji Fupi, Mswagaji ya Sherifu na Mswagaji ya Fedha, majina yanayokueleza habari za mtutu, mpini na rangi. Hakuna hata moja linalokueleza unene wa ukuta ulio mbele ya macho yako.

Sasa nifike Juni 2011, siku ambayo karibu tumfukuze.

Nadine Petrie, ambaye ndiye Bibi Tufani niliyemtaja, alikuwa amefiwa na mumewe Warren miezi minane nyuma. Warren alikuwa mwanachama wetu wa miaka mingi, mtu makini kupita kiasi, aliyejitengenezea risasi zake mwenyewe nyumbani: anayeyusha plumbu, yaani madini ya risasi, anapima baruti, anafunga, anaandika kwenye boksi. Bastola yake kubwa ilikuwa imemshinda Nadine uzito, akampa mpwa wao, naye akanunua jozi ya Mswagaji zilizomkaa vizuri mkononi. Mashindano ya mwaka ule tuliyafanya kwa kumkumbuka Warren. Nadine akaja na boksi moja la risasi, la mwisho lililobaki kati ya aliyotengeneza mumewe. Alikuwa amelitunza kwa ajili ya siku hiyo.

Lowell alichukua risasi moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Za Warren. Umesahau mwandiko wake?" Nadine akamsogezea boksi. "Soma. 'Kwa Mswagaji tu.' Na hii niliyoshika ni nini, birika?"

"Nionyeshe silinda."

"Lowell, mwache mama wa watu!" akapaza sauti mmoja kwenye foleni. "Jua linatuchoma huku!"

"Akimaliza hapo atakwenda kupima maharage," mwingine akadakia.

"Maharage yangu asiyaguse na hiyo pete yake," akajibu mpishi kutoka kwenye masufuria, na watu wakacheka. Nadine hakucheka.

Silinda ya kwanza ikapita kwenye pete kama maji. Ya pili vilevile.

"Zimepita," alisema Lowell.

"Haya basi, zimepita. Niende."

"Zimepita, maana yake ni ndogo. Warren hakuandikia hizi."

"Zimeandikwa Mswagaji, boksi limeandikwa Mswagaji. Unataka kuniambia marehemu hakujua alichokuwa anafanya?"

 Lowell akamsogezea ile risasi.

"Alijua sana. Ndiyo maana risasi zake naziogopa. Hebu tazama mdomo wa ganda hili ulivyobanwa. Mtu habani hivi risasi ya kupigia bamba la chuma hatua kumi. Na hilo neno 'tu', Nadine. Mimi nimemjua Warren miaka kumi na saba. Risasi zake za mashindano alikuwa anazimwaga kwenye kopo la kahawa, haandiki kitu. Siku alipoandika, alikuwa anamwonya mtu."

"Alikuwa ananiachia mimi!"

Nadine akachukua risasi tano. Mkono wa Lowell ukatua juu ya zilizobaki, kisha akanyoosha kiganja cha pili kuzidai zile tano. Mwenyekiti wetu, Gaylen Stroud, akaja mbio kutoka kivulini.

"Lowell, umezidi sasa. Mwache apige raundi moja, tumalize. Hii ni amri."

Nami niliyekuwa na saa ya kuhesabia muda mkononi, hatua mbili kutoka pale ambapo Nadine angesimama, nilisema, "Mwache tu, mzee. Risasi tano zitafanya nini?" Naandika hili kwa sababu limo kwenye kumbukumbu za siku ile, na kwa sababu Lowell ameshasoma rasimu hii kuhakikisha sijaliacha.

"Nifukuzeni Jumatatu," alimjibu mwenyekiti. "Leo mkono wangu unabaki hapa." Halafu akamgeukia Nadine kwa sauti ya chini. "Mimi usiniamini. Huna sababu. Chagua risasi yoyote humo ndani, twende karakana, nitaifungua mbele yako. Mizani utasoma mwenyewe."

 Nadine akachagua moja kutoka pembe ya chini kabisa ya boksi, ile ambayo mlaghai asingeweza kuitayarisha, akatangulia kwenda. Gaylen akawafuata. Nami nikafuata.

Lowell aliitia risasi kwenye nyundo yenye tundu ya kung'olea vichwa vya risasi, akagonga mara tatu, kichwa cha plumbu kikatoka. Akamwaga baruti kwenye sahani ya mizani, akarudi nyuma hatua mbili ili asiguse chochote. Nadine akasoma namba kwa sauti. Lowell akamfungulia kitabu cha vipimo vya baruti, toleo la zamani, kwenye ukurasa wa bastola za kawaida. Namba ile haikuwemo. Safu nzima iliishia mbali chini yake.

"Geuza," alisema Lowell.

Ukurasa wa nyuma ulikuwa wa fremu kubwa peke yake. Namba ilikuwepo, karibu na mwisho, na pembeni yake msukumo uliokuwa mara mbili ya ule wa ukurasa wa kwanza. Zilikuwa risasi za kubeba milimani, kwa ajili ya dubu.

Nadine aliishika silinda yake akaielekeza dirishani. Lowell akamwonyesha kwa ncha ya penseli ule ukuta wa nje wa tundu, mwembamba kama ukucha wake.

"Ungepasuka hapa," alisema. "Na huu ukanda wa juu wa fremu ungefunguka. Ungeupata usoni."

Nadine akakaa kwenye kiti cha karakana. "Mbona hakuniambia?"

"Aliandika mwaka gani?"

Akageuza boksi. "Tisini na tisa."

"Mwaka huo Mswagaji ilikuwa moja tu duniani, ile kubwa. Mumeo hakukosea hata kidogo. Wao ndio waliokwenda kuitengeneza nyingine, wakaivika jina lake."

Gaylen alikohoa, akatoka nje. Wakati wa chakula alisimama mbele ya wanachama wote, akaeleza yaliyotokea, akaomba radhi bila kupunguza neno. Jumatatu haikuwa na kikao.

Nadine hakushindana siku ile. Lakini baada ya watu kula nyama na pai za cheri, Lowell alitoa kabatini Mswagaji ya mwaka 1991, mali ya uwanja, akajaribu silinda yake kwenye pete mara mbili mbele yake. Haikupita. Akampeleka kwenye shimo la mwisho la kulengea, nje ya mashindano, ambako hakuna bamba la chuma la kuharibika, akamwekea risasi tano za Warren. Mlio wa kwanza ulimfanya mpishi adondoshe mwiko. Mikono ya Nadine iliruka juu hadi usawa wa kofia. Alipoishusha bastola, tulimsikia akicheka kutoka huko mbali, kisha akalia, kisha akavuta nyundo tena. Zote tano.

Tangu mwaka huo kanuni ya uwanja wetu inasema kwamba kwenye meza ya kujazia kinatambuliwa kipimo, jina halitambuliwi. Lowell ameandika kadi kwa kila bastola iliyopita mikononi mwake, kadi mia sita na zaidi, na humo aligundua jozi mbili zilizouzwa kama pacha ambazo hazikuwa hata za fremu moja. Mwenye mojawapo hakuzungumza naye kwa mwaka mzima. Lowell alisema hiyo ni sawa, mradi ananuna akiwa na vidole vyake kumi.

Amewafundisha wengi wetu kutega sikio kwa maneno fulani: "ni ileile tu," "haijawahi kuguswa," "baba alikuwa anaitumia hivihivi." Kila moja ya kauli hizo, huniambia, imewahi kusemwa na mtu mkweli. Mwongo, anasema, humsumbua kidogo, anajulikana. Anayemnyima usingizi ni mtu mkweli aliyeshika kitu ambacho kimebadilika bila yeye kuarifiwa.

Meza, kuanzia Oktoba, itakuwa chini ya Nadine Petrie. Lowell alimfanyia usaili mara nne kabla ya kukubali, na katika ule wa mwisho alimpa kimakusudi silinda yenye kadi ya uongo. Nadine aliipima, akairusha mezani, akamwambia, "Mzee, unanichosha." Ndipo akakubali funguo ziende kwake.

Lowell, umetulinda macho na vidole wakati sisi tukikuita mkorofi. Kwa niaba ya wanachama wote, na kwa niaba yangu hasa, asante. Tunakuombea miaka mirefu, mgongo usiouma na asubuhi zisizo na foleni. Saa ya ukutani tunayokuzawadia leo ni mpya; tunajua utaifungua uitazame ndani kabla ya kuitundika, na tumekuwekea bisibisi kwenye boksi.

Ila nina hofu moja. Tulipohesabu mwezi uliopita, wanachama ishirini na watatu walikiri kwamba nyumbani wana maboksi ya risasi yaliyoandikwa jina la bastola peke yake, mengine kwa mwandiko wa watu waliokwisha kufa. Nadine atakagua yatakayoletwa mezani. Yale yanayofunguliwa nyuma ya ghala, siku isiyo na mashindano, hatayaona.

Kwa hiyo leo, ukifika nyumbani, toa silinda ya bastola yako, ipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, na boksi lolote usilojua lilipimiwa silinda ipi, liweke kando bila kufyatua risasi zake hadi Nadine afungue moja mbele yako.