Kwa Nini Naandika Siku Nilizoanguka

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlio hapa kanisani, asifiwe na ninyi mnaonisoma kwenye simu zenu.

Wengi mmeniuliza kwa nini naandika habari zangu kwenye blogu kila siku, na kwa nini siruki hata siku za aibu. Kitinda mimba wangu alinijia juu: "Mama, unajianika! Watu wote wasome kwamba umeanguka ukajikojolea?" Nikamwambia wasome. Leo nawapa sababu, na sababu yenyewe ni ya zamani. Ilianzia Mtopanga, kule Kisauni, miaka ya themanini ikielekea mwisho.

Nilikuwa msichana wa shule kifafa kiliponianza. Wenzangu walikimbia, maana iliaminika ukiguswa na lile povu la mdomoni na wewe umeambukizwa. Mwalimu akaniambia nikae nyumbani mpaka nipone. Mama yangu, mjane aliyekuja pwani kutoka bara na kumfuata Yesu kwa moyo wote, alinipeleka hospitali Port Reitz nikapewa vidonge, na akanipeleka kanisani nikaombewa. Zikapita wiki kadhaa sijaanguka. Jumapili moja Mama akasimama katikati ya ibada, akapaza sauti: "Mwanangu amefunguliwa!" Lo! Vigelegele! Akina mama walinibeba juu juu. Nililia kwa furaha, sitawaficha. Tuliporudi nyumbani Mama akavitupa vile vidonge chooni.

Ndugu zangu, kifafa kilirudi.

Mwenye kifafa hajioni akianguka. Unazinduka tu, ulimi unauma, nguo imelowa, kichwa kizito, na ni lazima mwingine akuambie yaliyokupata. Kila nikizinduka namkuta Mama ananifuta uso, mlango umefungwa, redio imefunguliwa sauti mpaka mwisho. Namuuliza, "Mama, nimeanguka?" Ananijibu, "Umelala, mwanangu. Usikiri ugonjwa, utaurudisha." Nami nilimwamini, kwani ningemwamini nani mwingine? Watu walitoka Likoni na Changamwe kuja kumwona binti aliyefunguliwa. Mama anawasimulia, nami nimesimama ubavuni pake nikitabasamu, ulimi una kidonda. Nikaanza kudhani nimerukwa na akili. Mwili wangu ulisema hivi, mama yangu mzazi alisema vile. Kuna uchungu kama huo?

Tulikuwa tumepanga chumba kwa Bi Rukia, mama wa Kiislamu, mwenyeji wa Kisauni tangu babu zake. Ukuta mmoja tu ulitutenga na chumba chake. Asubuhi moja Mama ameenda Kongowea kununua mboga, mimi nimebaki napika uji. Nilipozinduka nilikuwa nimelala uani, mkono wangu wa kulia umeungua vibaya, na Bi Rukia anaumwagia maji ya mtungi huku machozi yanamtoka.

Nikamuuliza lile swali langu. "Bi Rukia, nimeanguka?"

"Umeanguka, mwanangu. Umeangukia jiko. Na juzi ulianguka, na Ijumaa ulianguka. Wallahi nakusikia hapa ukutani, hata redio ikipiga kelele vipi."

Jamani! Mkono unawaka moto, nami moyoni nimepata nafuu ambayo sijaipata tena hadi leo. Kumbe sikurukwa na akili! Kumbe ni kweli!

Mama aliporudi, Bi Rukia hakumpa hata nafasi ya kutua kikapu. "Mama Yunisi, dini yenu mimi siijui. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtoto huyu atakufia humu ndani, na redio inaimba." Mama akaketi chini pale pale mlangoni. Alitazama mkono wangu, akalia, akauliza kama mtoto mdogo, "Nitawaambia nini watu?" Bi Rukia alikwenda kutafuta gari la kunipeleka hospitali.

Jumapili iliyofuata ushuhuda ulipoitishwa nilisimama, mkono umefungwa bandeji. Mama akanivuta gauni niketi. Sikuketi. Nikasema, "Ndugu zangu, nawapenda, lakini bado naanguka kifafa. Naomba mniombee, na naomba mnisaidie kumeza dawa." Hakuna aliyesema amina! Nilijua nimemwaibisha Mama mbele ya watu wake wote, na pengine hatutakuwa na kanisa tena.

Ndipo Mama akainuka. Akaushika ule mkono wangu mzima, akasema, "Ni kweli. Nilimfungia mlango. Niliogopa Mungu ataonekana ameshindwa." Na mzee mmoja wa benchi la nyuma akasimama, akasema mke wake haji ibadani kwa sababu ya kifafa hicho hicho, naye amekuwa akituambia yuko safarini. Siku ile tulilia kanisa zima, na mchungaji wetu alilia nasi.

Nilirudia vidonge. Kuanguka kulipungua sana, nikaolewa, nikazaa. Hakujaisha. Mungu alinitoa nyuma ya ule mlango, na kwangu huo ndio wokovu niliousimulia miaka yote hii. Nikianguka, mume wangu huniambia kila alichokiona, bila kupunguza, nami huketi nikakiandika. Simwachii mtu mwingine tena kunisimulia mimi.

Majuzi msichana mmoja aliniandikia. Alisema anasoma blogu yangu akiwa amejifungia chooni, kwao wanasema ana usingizi mzito. Nikamjibu, "Mwanangu, mimi nitakuamini. Niambie mwenyewe, imekuwaje?" Siku nzima nilichungulia simu bure. Nikadhani nimemtisha. Jioni likaja neno moja tu: "Nimeanguka."

Nililia, ndugu zangu, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakaja. Na wewe unayesoma, uliyefungiwa au uliyejifungia, mtumaini Mungu huyu na umwambie ilivyo. Hashtuki. Kisha tuambie na sisi. Tutakuamini.