Cherehani Nayo Ilale

"Fundi, hivyo vidonge vyako vya melatonini vinakulaza wewe au vinaniamsha mimi?" Jirani wa ghorofa ya chini alimbana fundi cherehani mle basini, abiria wakageuka kusikiliza. "Umeshona juu ya kichwa changu mpaka alfajiri!"

"Nilimeza, dada. Nikasema nishone pindo moja tu, usingizi unikute kazini."

"Ukakukuta?"

"Ulinikuta nimewasha taa zote, ukarudi ulikotoka. Mwaka wa tatu huu silali, na mwenye kosa ni mie."

Fundi alijicheka. Hata shati alilovaa alilishona usiku huohuo, mikono yote miwili ya kushoto.

Basi likasimama kituoni kwao. Jirani aliliangalia lile shati, hasira zikamwisha. "Jioni njoo ule kwangu. Ila uje na cherehani, ilale kwangu."