Siku Kumi na Moja za Mama Ratiba

Tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, katibu muhtasi wa Idara ya Hisabati atafunga droo yake kwa mara ya mwisho baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Katika muda huo amefanya kazi chini ya Wakuu wa Idara tisa, na wote tisa waliamini kwamba wao ndio waliokuwa wakiiendesha. Sisi wengine, tuliokuwa tunajua ufunguo wa kabati la vyeti uko kwa nani, tunamwita Mama Ratiba.

Aliingia hapa akiwa mchapaji wa miaka ishirini na minne, enzi zile taipureta iliacha nafasi wazi na alama za hisabati zikajazwa kwa kalamu. Hakuwa amesoma hisabati zaidi ya ile ya sekondari, ila jicho alikuwa nalo. Mimi ninayeandika haya, mhadhiri wa idara hiyohiyo, nilimpelekea mradi wangu wa mwaka wa mwisho auchape nikiwa mwanafunzi. Ukarudi na kikaratasi kimebanwa ukurasa wa tisa: je, herufi k ya mstari wa tatu na ya mstari wa saba ni mtu mmoja, au majina yamegongana? Yalikuwa yamegongana. Bila kikaratasi kile nisingefaulu, na huenda leo ningekuwa nafanya kazi yenye manufaa zaidi kwa jamii.

Jina lake la utani lilitokana na ratiba ya mitihani, kazi aliyokabidhiwa na kitivo kizima kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kanuni ilikuwa moja tu: mwanafunzi yeyote asifanye mitihani miwili siku moja. Aliipanga kwa mkono, kwenye ubao wenye misumari ukutani mwa ofisi yake, na kila muhula ikachukua siku kumi na nne. Kila muhula vilevile Mkuu wa Kitivo aliuliza kwa nini isiwe siku kumi. Katika kikao kimoja Mama Ratiba aliuliza kama kuna mtu amewahi kuhakikisha kwamba siku kumi zinawezekana. Akajibiwa kwamba hilo ni swali la kihisabati, kwa hiyo yeye aendelee kuandika kumbukumbu za kikao. Akaliandika. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka arobaini na sita, alijisajili kusomea shahada ya hisabati katika masomo ya jioni.

Miaka mitano baadaye alifika mwaka wa mwisho, ambapo kila mwanafunzi hufanya mradi wa utafiti wa kujitegemea: unachagua swali lako, unalihangaikia mwenyewe, na msimamizi anatikisa kichwa mara moja kwa wiki. Swali lake lilijulikana. Msimamizi nilipangwa kuwa mimi, mhadhiri mchanga wa miaka thelathini. Nilimpa kitabu kinene cha kumsaidia. Alikirudisha baada ya wiki mbili pamoja na orodha ya makosa kumi na tisa ya uchapaji na shukrani nyingi.

Mumewe ni fundi cherehani, naye ndiye aliyeufadhili utafiti huu kwa nyuzi. Kila msumari ubaoni ulikuwa somo, na kwa kila mwanafunzi anayesoma masomo mawili, uzi mmoja ulipita kati ya misumari miwili. Masomo yaliyounganishwa kwa uzi hayawezi kuwekwa siku moja. Kwa miezi mitatu alipanga na kupangua, na mwishoni mwa mwezi wa tatu akaniletea ratiba ya siku kumi. Niliisifu sana. Nilimwambia ni kazi maridadi na nikaweka sahihi. Asubuhi iliyofuata alinisubiri mlangoni, mkoba bado begani, akaniomba radhi kwa kunisumbua: Alhamisi kulikuwa na mwanafunzi mmoja mwenye mitihani miwili.

Kila alipouhamisha mtihani mmoja wa huyo, wengine waligongana. Akaacha kuhamisha na kuanza kuhesabu. Akakuta ubaoni masomo kumi na moja ambayo kila moja limeungwa na mengine yote kumi. Jozi hamsini na tano, na hakuna jozi isiyo na uzi. Masomo kumi na moja yasiyoweza kukaa pamoja yanadai siku kumi na moja, mtu alie asilie. Kisha akapanga ratiba ya siku kumi na moja kamili, ikakubali. Kwa hiyo siku kumi na nne zilikuwa uzembe, na siku kumi zilikuwa ndoto. Aliyathibitisha yote mawili katika kurasa ishirini na mbili ambamo, kwa mara ya kwanza kazini kwake, hakulazimika kumsahihisha mtu mwingine.

Mumewe alipokuja kumchukua siku moja, aliukagua ubao kwa jicho la kifundi na kuuliza kwa nini kati ya Jiometri na Botania kuna uzi mmoja tu, ilhali kwingine kote kumeshonwa mara nyingi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Jozi ile ilishikwa na mwanafunzi mmoja, yule wa Alhamisi. Angeacha somo moja tu kati ya yale mawili, ile ratiba ya siku kumi ingesimama. Mama Ratiba aliliandika hilo ukurasa wa kumi na nane, kwa sababu lilikuwa kweli, na namba ya mwanafunzi hakuiandika.

Mkuu wa Kitivo, ambaye hakuwahi kusoma mradi wa mwanafunzi hata mmoja, huu aliusoma. Aliusoma ukurasa wa kumi na nane. Siku mbili kabla ya utetezi alituita ofisini kwake, akatuketisha kwenye yale makochi ya wageni, akaeleza kwa upole kwamba mwanafunzi huyo angeshauriwa tu. Alihitaji namba yake. Akakumbusha pia kwamba mkataba wa katibu muhtasi ulikuwa mezani ukisubiri kuongezwa muda.

Hapa lazima niseme ukweli, maana yeye hatausema. Tulipotoka koridoni nilimshauri aitoe. Nilimwambia ni namba tu, na kwamba kijana mwenyewe huenda akafurahi kupunguziwa mzigo. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama ukurasa uliochapwa vibaya, akaniuliza kama chai nimekunywa.

Siku ya utetezi Mkuu wa Kitivo alikaa katikati ya jopo. Mama Ratiba alieleza kwa dakika ishirini, ubao ukiwa umebebwa na wahudumu wawili. Maswali yalipofika, aliulizwa waziwazi mwanafunzi huyo ni nani.

"Mheshimiwa Mkuu," alisema, "mimi nimethibitisha kwamba siku kumi hazitoshi. Sijathibitisha kwamba mtu huyu amezidi."

Mtahini kutoka nje akauliza kama iko njia ya kupata siku kumi bila kumgusa mwanafunzi yeyote. Akajibu kwamba haipo, na ukurasa wa kumi na tano unaonyesha kwa nini. Alipewa daraja la pili la juu. La kwanza lilikwama kwa sababu jopo liliona mada yake ina manufaa mno kuwa hisabati halisi.

Mkataba wake ulikaa mezani miezi minne, miezi ambayo alikuja kazini kila siku bila barua mkononi, akapiga chapa barua za wengine. Ulisainiwa wiki moja kabla ya mitihani, ilipogundulika kwamba hakuna mwingine anayejua kuusoma ule ubao. Ratiba ya siku kumi na moja ikazinduliwa rasmi kama ubunifu wa Ofisi ya Mkuu wa Kitivo, na inatumika hadi leo. Mwanafunzi wa Jiometri na Botania hakujua lolote. Alifanya mitihani yote miwili siku mbili tofauti, na Botania akafeli.

Nilipompelekea Mama Ratiba habari hiyo, nikijikaza nisicheke, hakuona cha kuchekesha. Alisema kijana alikuwa na haki ya kuufanya mtihani. Kufaulu ni shughuli yake. Akafungua jalada na kuanza kumtafutia siku ya kurudia.

Nafasi yake itachukuliwa na kamati ya watu watano, ambayo imekwisha kuanza kazi: iliipanga sherehe hii ya kumuaga saa ileile ya kikao cha bodi ya mitihani. Mama Ratiba akakihamisha kikao.

Mama Ratiba, kwa niaba ya idara nzima asante, na kwa niaba yangu naomba radhi, iliyochelewa miaka tisa. Nenda ukapumzike na fundi wako. Amka unapotaka, lala unapotaka, na siku zako zote zikujie njema, hata zikigongana.