Mfungo Wangu Ulikuwa Ugonjwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Mkiona nimeing'ang'ania hii mimbari siyo mbwembwe, naogopa kuanguka.

Mnanijua, mwalimu wenu wa darasa la nne, niliyeletwa hapa Nyanungu kutoka Singida. Mnanijua kwa kufunga. Siku tatu, siku saba, Mwalimu yumo! Mama Boke, mama yetu wa maombi, alikuwa ananishika mkono: "Mwalimu, wewe ni mtu wa rohoni kweli." Mkanifanya kiongozi wa mfungo.

Ndugu zangu, niliwadanganya. Sikufunga kwa ajili ya Mungu. Nilikuwa naogopa chakula! Nikiona ugali, moyo mbio, mikono inatoka jasho. Mfungo ukiisha ninyi mnakula, mimi natafuta sababu ya mfungo mwingine. Nywele zikanyonyoka, hedhi ikakatika, mpaka nikadondoka darasani mbele ya watoto.

Daktari hakuzunguka: "Huu ni ugonjwa, na utakuua." Nikapelekwa hospitali ya mbali, kwa mshauri na mtu wa lishe. Miezi ikapita, woga uko palepale. Ndipo wakaniambia kuna mashine ya sumaku inayoamsha ubongo kwa nje, hawapasui wala hawachomi sindano. Wakasema wazi bado wanaichunguza, wengine haiwasaidii. Jamani! Nikawaza, wataniharibu akili, wataning'oa imani. Nilikaa kwenye kile kiti nikiomba kwa sauti, nayo inagonga kichwani, ta-ta-ta-ta, kama ndege kigogota anayetoboa mti. Kila siku ya kazi, wiki kwa wiki.

Wiki ya nne, asubuhi, nilimaliza kikombe cha uji. Woga ulikuwepo, lakini haukunikaba. Nililia palepale! Mungu ametumia hata sumaku, haleluya!

Lakini sijapona kabisa. Jana nilimwaga chai ya maziwa nyuma ya nyumba. Na kesho mfungo wa kanisa unaanza, ndugu zangu, naogopa sana. Mama Boke, shikamoo mama, nisamehe: sitaongoza. Sitafunga hata siku moja. Mkinisifu tena kwa kutokula, mtanizika.

Yupo hapa anayetupa chakula chake kwa siri? Mungu hakuchukii. Mtumaini, halafu njoo twende wote hospitali. Asante Yesu kwa uhai huu! Na kesho saa saba mchana, ninyi mkiwa kwenye maombi, naomba mmoja wenu atoke, aje kwangu, akae nami mpaka nimalize sahani.