Molekuli Moja Kati ya Ncha za Dhahabu

Benchi la nje ya karakana ya fundi umeme halikosi watu wala kahawa. Asubuhi hiyo fundi mwenyewe, ambaye mtaa mzima humwita Mzee Swichi, alitoka na simu mkononi kama mtu aliyeokota almasi, akawasomea wenzake ujumbe wa binti yake. Miaka minne binti huyo alikuwa maabara akihangaika na swichi ya molekuli moja, chembe ambayo mbele yake unywele ni gogo. Na miaka minne hiyo hiyo Kinyozi, mwenye kibanda cha jirani, alimcheka fundi kwamba kasomesha mtoto ili avute kitu kisichoonekana. Leo swichi ilikuwa imekubali.

— Imebanwa kati ya ncha mbili za dhahabu, alieleza Mzee Swichi. Ukizivuta kidogo, chembe inanyooka, umeme unakatika. Ukizirudisha, unapita. Kaijaribu mara elfu, haijakosea hata mara moja.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Kinyozi. Sasa chembe moja itajaza nini?

— Methali umeivaa kinyumenyume, alijibu Mshonaji, jirani yao wa cherehani.

Hapo mambo yakapanda. Mshonaji akadai kabla hajazeeka atashona redio ndani ya kifungo cha shati. Kinyozi, asikubali kuachwa nyuma, akasema basi mteja akipiga chafya atapeperusha kompyuta tatu. Mzee Swichi alitabasamu kimoyomoyo: tangu lini Kinyozi akahofia kitu kisichoonekana?

Akafika mama mmoja na pasi iliyoungua waya. Alisubiri zamu yake, akasikiliza mpaka mwisho.

— Hongera, baba. Na wewe umemjibuje mtoto?

Kinyozi akachungulia kikombe chake. Mzee Swichi aliitazama simu, uso ukamshuka. Ujumbe ulikuwa umeingia alfajiri. Alikwisha kuwasomea watu kumi na mmoja, bila kumjibu binti mwenyewe hata neno.

Akapiga palepale.

— Mwanangu, alisema. Nimefunga swichi miaka thelathini. Sijawahi kuunda hata moja. Wewe umeunda.

Akasikia binti akicheka na kulia kwa pamoja, akiwaambia wenzake kwamba ni baba. Mzee Swichi alifuta macho bila kujificha.

Kinyozi akasimama, akavua kofia, akanyoosha mkono kuomba simu.